Gracchus hakugusa shamba la mtu

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya Roma ya kale na naomba nafasi nijibu, maana mwandishi kasema Tiberius Gracchus alitaka kuwapora matajiri mashamba yao na hapo mi siwezi kunyamaza. Ardhi yenyewe ilikuwa ya umma jamani! Ni ile Roma iliyoiteka huko Italia ikabaki mali ya dola, alafu wakubwa wakaikalia miaka na miaka wakilimisha watumwa, na sheria ya kuweka kikomo ilikuwepo tangu zamani ila watu waliipuuza tu. Gracchus alipokuwa tribuni, yaani kiongozi aliyechaguliwa kutetea raia wa kawaida, mwaka 133 K.K. alichosema ni kwamba kila mtu abaki na jugera 500, kama ekari 300 hivi, na nyongeza kwa ajili ya watoto wake, inayozidi wagawiwe raia wasio na kitu. Mtu mwenye ekari 300 kaonewa wapi?

Nakubali, alipomfanya Octavius, tribuni mwenzake, avuliwe utribuni kisa katumia kura ya turufu kuzuia mswada alivuka mpaka, na kugombea tena kuliwatisha wengi. Lakini kilichowauma maseneta zaidi ni hela. Mfalme Attalus wa Pergamo, huko Uturuki ya leo, alifariki akairithisha Roma mali zake, Gracchus akataka ziwe mtaji wa wakulima wapya, wakati Seneti ilizoea kuamua mambo ya fedha peke yake. Basi Scipio Nasica, kuhani mkuu mzima, akaongoza watu wenye marungu na miguu ya mabenchi wakamuua yeye na wafuasi kama 300, maiti wakazitupa mto Tiber.

Na hapa ndo mwandishi wenu kapita haraka mno, baada ya kumuua hawakuifuta sheria yake, iliyokuwa imeshapita! Tume ya watu watatu iliyowekwa kuitekeleza iliendelea kupima ardhi, mawe ya mipaka yenye majina ya wajumbe wake yamepatikana Italia. Ilikuja kukwama 129 K.K. pale jenerali Scipio Aemilianus alipofanya iondolewe mamlaka ya kuamua kesi za mipaka, na malalamiko yalitoka kwa washirika wa Kiitalia, watu waliopigana vita vya Roma lakini uraia hawana, na sasa ardhi ya umma waliyokuwa wanailima inachukuliwa. Kwa hao kosa la Gracchus naliona wazi kabisa. Mwandishi hajawataja hata kwa sentensi moja, naomba toleo lijalo muwaandike.

Msomaji wenu