BARUA KWA MHARIRI: Peugeot lililokwanguliwa halikuokolewa

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa magari wiki iliyopita, mwandishi wenu alimsifu kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam aliyepata Peugeot 404 lililokuwa bado na rangi yake ya kiwandani, akalikwangua hadi kwenye bati, akalipiga rangi nyeupe inayong'aa, akalifunga injini ya Toyota na rimu pana, na sasa analikodisha kwa maharusi. Sina ugomvi na kijana huyo, kwani gari ni mali yake na riziki yake anaitafuta kwa halali. Ninachokipinga ni neno alilolitumia mwandishi, kwamba gari hilo "limeokolewa".

Naandika nikiwa na gari la aina hiyo hiyo, nililoachiwa na marehemu baba. Huenda vijana hawajui kwamba Peugeot 404, lililoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne, yaani 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa jiji hili hili. Gari la baba halikushiriki mbio zozote. Lilikwenda Morogoro na kurudi, likabeba wagonjwa na magunia ya mpunga, na kwenye mlango wa dereva rangi imelika pale alipozoea kuegemeza kiwiko. Chini ya zulia lipo vumbi jekundu ambalo hadi leo sijalifagia, jambo ambalo mke wangu analiona kuwa ni uvivu tu. Rangi ile ikishakwanguliwa, hakuna fundi atakayeirudisha, hata awe hodari kiasi gani, kwa sababu rangi mpya itaonyesha kazi ya aliyeipiga jana, lakini kiwiko cha mzee hakitaonekana tena.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kwamba gari la kale lifungiwe. Kosa hilo nimekwisha kulifanya. Baba alipofariki nililifunika kwa turubai nyuma ya nyumba, Upanga, nikaliacha kwa mwaka mmoja na nusu nikiamini kwamba ninalihifadhi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na turubai lisilopitisha hewa huufungia unyevu huo ndani. Nilipolifunua, sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imeoza, matairi yalikuwa yamebonyea upande uliokaa chini, petroli iliyobaki kwenye kabureta ilikuwa imeganda kama gundi, na silinda za breki kwenye magurudumu zilikuwa zimeshika kutu, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya maji kidogo kidogo hata gari likiwa limesimama. Fundi bodi niliyemwita alitaka akate kipande cha sakafu kisha apige rangi gari zima "lisiwe na mabaka". Tulibishana asubuhi nzima. Mwishowe alichomelea bati jipya pale palipooza tu, na mabaka yamebaki. Breki, mipira yake na matairi nilivibadilisha vyote bila kusita, kwa maana roho za watu si kitu cha kuwekea ukumbusho.

Yapo magari ambayo kusimama hakuyapunguzii kitu. Lile Rolls-Royce lililoko Makumbusho ya Taifa, lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere, thamani yake ni waliolipanda, wala hakuna anayelidai lirudi barabarani. Magari yetu ya nyumbani sivyo yalivyo.

Jambo linalonitatiza zaidi ni Land Rover. Nyingi za zile za zamani zimefungwa injini za Toyota na mafundi wetu, vipuri vyake vilipoadimika, na leo wapo wenye uwezo wanaozing'oa injini hizo ili warudishe za Kiingereza na kusema kwamba gari limerudi kwenye asili yake. Kwa maoni yangu hao nao wanafuta historia ya gari, kwa sababu injini ile ya Toyota, pamoja na vishikizo vilivyochongwa kwa mkono ili ikae, ndiyo inayoeleza jinsi gari lile lilivyoendelea kufanya kazi katika nchi hii. Nikiulizwa kwa nini basi namlaumu kijana wa maharusi, jibu langu ni kwamba yeye hakusukumwa na uhaba wowote. Gari lake lilikuwa zima, na mjini hapa yapo mengi yaliyokwisha kupigwa rangi mara tatu au nne ambayo angeyapamba apendavyo bila kupoteza kitu.

Kwa wale ambao wamekwisha kuamua kubadilisha, nina ombi moja tu. Injini, usukani, taa na viti vinavyotolewa visiachwe gereji, maana huko huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kupimwa kwa kilo. Vitiwe mafuta, vifungwe na viwekwe juu ya mbao mahali pakavu, hata kama mwenyewe hana nia ya kuvirudisha. Mimi mwenyewe natafuta taa ya nyuma ya kushoto ya 404 kwa mwaka wa pili sasa, na nina hakika kwamba ya gari lile la maharusi ilikwenda kwenye mizani.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Upanga, Dar es Salaam