Uingereza na Ujerumani wameandikiana, na sisi wa Goma na Gisenyi je?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Goma, mji wa Kongo ulioshikana na Gisenyi ya Rwanda. Naandika juu ya ule mkataba Waingereza na Wajerumani walisaini London tarehe 17 mwezi wa saba 2025, waziri mkuu Keir Starmer upande wa Waingereza na kansela Friedrich Merz upande wa Wajerumani. Habari ilipopita kwenye redio watu wa mtaa wetu wakasema hayo ni mambo ya wazungu, ya kwetu yanatosha, na jirani yangu akageuza stesheni. Mimi nafundisha istoria kwenye shule ya sekondari na nasema hapana, ile karatasi inatuhusu, tena sana, mnivumilie tu kama nitarefusha.

Ndani yake kuna kifungu kinasema hatari kubwa ya mmoja ni hatari ya mwenzake pia, na mmoja akivamiwa kwa silaha mwingine atamsaidia hata kwa jeshi. Hicho ndicho redio ilishika. Mimi nilishika yale madogo madogo yanayofuata. Ujerumani ilikubali kubadilisha sheria yake ili mtu anayeficha kule kwao maboti ya mpira ya kuvusha wahamiaji kwenda Uingereza ashitakiwe hukohuko, maana mbele ya hapo polisi walikuwa wanaona maboti kwenye depo lakini sheria haiwapi nguvu ya kutosha. Wakakubaliana wanafunzi wanaosafiri kwa kundi waingie bila viza. Wakaunda timu ya kutafuta namna treni itoke nchi moja mpaka ingine bila kushuka njiani. Na mwaka uliotangulia, tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, mawaziri wao wa ulinzi John Healey na Boris Pistorius walishasaini mkataba mwingine, wa Trinity House, kwamba ndege za Wajerumani za kutafuta nyambizi ziwe zinatumia uwanja wa Lossiemouth kule Scotland, na nyaya zinazopita chini ya Bahari ya Kaskazini zilindwe kwa pamoja. Yaani kila ahadi ina kazi yake, na kazi unaweza kwenda kuangalia kama imefanyika ao hapana.

Sasa tuangalie hao ni nani. Ni wale wale waliokaa Brussels mwaka 1910 pamoja na Wabeljiki wakapiga mstari wa mpaka wa kwetu, mlima Sabinyo ikawa kona, kisiwa cha Idjwi ikabaki Kongo, Gisenyi ikaenda kwa Wajerumani, na hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Miaka 4 tu vita yao ikafika mpaka kwenye ziwa letu la Kivu, mwezi wa tisa 1914 Wajerumani wakachukua Idjwi, na mwaka 1915 Waingereza wakabeba maboti mawili ya vita yaliyoitwa "Mimi" na "Toutou", kwa treni kutoka Cape Town wakapita Lubumbashi (zamani hizo Elisabethville), wakayavuta kwa ng'ombe na matrakta ya moshi kwenye milima ya Mitumba ili wakapigane na Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Babu wa baba yangu alibeba masanduku ya askari wa Wabeljiki kwenda Tabora mwaka 1916, alirudi yeye na mdogo wake hakurudi. Kwetu jina la yule mdogo linapewa mtoto kila kizazi.

Kisha wakapigana tena. Coventry ilichomwa na ndege za Wajerumani usiku wa tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 1940, Dresden ikachomwa na ndege za Waingereza na Waamerika mwezi wa pili 1945. Mwaka 1959 miji hiyo miwili ikafanywa ndugu. Nawaambia wanafunzi wangu wahesabu wenyewe, ni miaka 14 tu toka Dresden iungue, wajane wangali vijana.

Najua mtu atasema mwalimu anatuletea maneno ya kusameheana wakati watu wangali wanazika. Siombi mtu asamehe leo. Mwezi wa kwanza 2025 waasi wa M23, wanaosaidiwa na jeshi la Rwanda, waliingia ndani ya mji, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, mtu akitaka pesa yake anahangaika kama ombaomba. Baraza la Usalama lilisema wazi kwenye azimio 2773, tarehe 21 mwezi wa pili 2025, jeshi la Rwanda litoke Kongo, na mimi nasimama hapo. Ninachosema ni kwamba hata wakitoka kesho asubuhi, Goma na Gisenyi zitabaki zimeshikana ukuta kwa ukuta, na hatari zetu zitabaki hizo hizo.

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka mimi nilikuwa nyumbani na watoto watatu, mbingu yote nyekundu, watu wakapiga kelele tukaanza kutembea, mkubwa amebeba godoro, mimi nina mdogo mgongoni na sufuria mkononi sijui hata kwa nini nilichukua sufuria, tukafika bariere ya mpaka wa Rwanda, ikafunguliwa tukapita maelfu, hakuna aliyeulizwa karatasi. Mama mmoja wa Gisenyi akatuita uani kwake, akatandika mkeka, akapikia watoto uji. Alfajiri nikajaribu kumlipa akakataa, akasema na nyinyi mngefanya. Sijawahi kumsahau yule mama. Na serikali zote mbili zilikuwa zimelala, hakuna king'ora kilicholia, sisi raia ndio tuliambiana kwa simu.

Ebola pia. Mwezi wa saba 2019 mgonjwa wa kwanza alifika Goma, na mwanzoni mwa mwezi wa nane Rwanda ikafunga mpaka kisha ikafungua tena, na mama zetu wa tomate na sombe walisimama pale na mizigo inaoza, hawajui kinachoendelea. Maji ya kunawa na kupimwa joto ndivyo vilisaidia pande zote mbili. Volkano haina pasipoti, gazi iliyo chini ya ziwa Kivu nayo haijui upande wa Kongo na upande wa Rwanda. Hizo njo hatari za pamoja, wangeziandika.

Tena kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tulishafanya hayo zamani. Tarehe 20 mwezi wa tisa 1976, hapo hapo Gisenyi, Zaire (ndiyo Kongo ya leo), Rwanda na Burundi zilianzisha CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu. Ikazaa benki yake ya maendeleo hapa Goma, ikazaa SINELAC, kampuni ya umeme, na barrage ya umeme ya Ruzizi II ambayo mpaka leo ni ya nchi tatu. Wazee wanakumbuka mtu alivuka na karatasi ndogo, akasalimia shemeji yake, akarudi jioni. Mwezi wa sita 2022 bariere ikaanza kufungwa saa tisa ya mchana na mama mwenye deni la asubuhi akakosa muda wa kuuza.

Sasa nasoma mkataba wa Washington wa Kongo na Rwanda wa tarehe 27 mwezi wa sita 2025, nasoma tamko la Doha la Kongo na M23 la tarehe 19 mwezi wa saba, naona kusitisha vita, naona madini na biashara kubwa kubwa. Naona sehemu ya uchumi imeandikwa kwa lugha ya watu wa kampuni. Mama wa bariere simuoni. King'ora cha volkano sikioni.

Na Waingereza na Wajerumani nao nina neno kwao. Mwezi wa pili 2025 London ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake kwa Rwanda, tarehe 4 mwezi wa tatu Berlin nayo ikasimamisha misaada mipya, kila moja kivyake. Kama kweli wameamua kutembea pamoja, washikilie hilo pamoja mpaka azimio litekelezwe, halafu pesa hiyo warudishe kwenye kazi za mpakani zenye mikono ya pande zote mbili, kituo cha kuangalia volkano, maabara ya magonjwa, ofisi ya bariere yenye choo na kivuli. Walishiriki kupiga ule mstari, sioni aibu kuwaomba.

Kwenu wa gazeti ninaomba kitu kimoja. Tumeni mwandishi Petite Barrière, pale wachuuzi wanapovukia mpaka kwa miguu, asubuhi saa kumi na mbili, akae na wale mama wa pande zote mbili, aulize kila mmoja anataka nini kiandikwe kwenye mkataba, kisha mchapishe majibu yao ukurasa wa kwanza, na majina ya bidhaa wanazobeba na saa wanazopoteza. Mimi nitawasomea wanafunzi wangu darasani.

Mwalimu wa istoria,
Katindo, Goma