Mhariri, maigizo ya kinamama hayaanzii siku ya onyesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua niseme jambo linalonikera kila nikifungua gazeti, maana vikundi vya sanaa vya wanawake, hawa wanaopigania haki kwa maigizo na filamu, mkiviandika mnaandika siku ya onyesho tu, picha ya mgeni rasmi iko kubwa, hotuba yake yote ipo, alafu igizo lenyewe lilihusu nini, nani kalitunga, watu walijibu nini, hakuna. Msomaji anamaliza habari hajui hata mhusika mkuu yalimkuta yapi.

Na kazi yenyewe wala haifanyiki siku ile! Angalieni kikundi cha Sistren cha Jamaica. Kilianza 1977 Kingston, wanawake wa hali ya chini kabisa waliokuwa kwenye mpango wa ajira wa serikali ya waziri mkuu Michael Manley, wengine kazi yao ilikuwa kufagia barabara. Walitaka kuandaa igizo la wiki ya wafanyakazi, wakapata mwalimu wa maigizo, Honor Ford-Smith, na yule mama hakuja na skripti mkononi, aliwauliza nyie mnataka kuigiza nini, wakamwambia tunataka kuigiza tunavyoteseka sisi kama wanawake. Basi, hapo ndo yote yalipoanzia. Igizo lao la kwanza likawa la wanawake wa kiwanda cha nguo wanaodai chama cha wafanyakazi, mwaka uliofuata wakafanya la wasichana wanaopata mimba wakiwa bado wadogo, wakitumia maisha yao wenyewe pamoja na nyimbo na michezo ya watoto waliyocheza utotoni. Mei 1980 makao ya wazee maskini ya Eventide hapohapo Kingston yakaungua, wakafa wanawake zaidi ya mia moja, watu ambao hata walipokuwa hai hakuna aliyekuwa anawaulizia, na 1981 Sistren wakawapandisha jukwaani, wakawapa majina na maisha. Mnaona hiyo kazi? Huwezi kuifanya kwa warsha ya siku mbili na posho.

Filamu nayo wameigusa. 1985 walitoa dokumentari, Sweet Sugar Rage, kuhusu wanawake wanaofanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na kumbuka Jamaica ilikuwa na sheria ya malipo sawa kwa mwanaume na mwanamke tangu 1975, sheria ipo, shambani mwanamke bado ananyonywa. Ninachokipenda pale ni kwamba kamera haikuishia kuwahoji wale kinamama na kuondoka, inaonyesha pia wanakikundi wakichukua yale waliyoambiwa na kuyageuza igizo ili watu wayajadili, yaani mtazamaji anaona stori inavyotengenezwa.

Kuna kisa kingine alichokisimulia Augusto Boal, yule Mbrazili wa maigizo ya wanaokandamizwa, kilichomtokea Peru 1973. Mama mmoja asiyejua kusoma alikuwa anampa mumewe hela za kujengea nyumba, mume anamletea makaratasi anamwambia hizi ndo risiti zitunze, siku alipompa jirani amsomee kumbe barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Boal na wenzake wakaigiza, wakawauliza watazamaji huyu mama afanye nini mumewe akirudi. Mtazamaji mmoja, mama mwenye mwili mkubwa, akasema amsamehe lakini kwanza wazungumze vizuri, wazi kabisa, waigizaji wakajaribu hivo, akakasirika, wakajaribu tena, akakasirika zaidi, mpaka Boal akamwambia njoo wewe ufanye. Akapanda, akakamata ufagio, akampa yule mwigizaji kipigo cha haja, alafu akakaa kitako akamwambia haya sasa nimekusamehe, nenda kaniletee chakula. Hakuna mtunzi wa kiume, hata mwenye nia njema namna gani, angeyaandika hayo mezani kwake. Boal anasema pale ndo alijifunza kumpisha mtazamaji mwenyewe aingie jukwaani.

Na msiseme haya ni ya mbali. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme 1996, wasichana wa sekondari wanataja wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wanayachambua, wanayaigiza mbele ya walimu na wenzao, alafu wanajadili nini kifanyike, na FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika inayopigania elimu ya wasichana, wakaipeleka nchi nyingine za Afrika. Hapo mwalimu anakaa chini anasikiliza, jambo ambalo darasani ni gumu kulipata.

Sasa wafadhili na sisi watazamaji tunaharibu pale tunapotaka ujumbe tu. Unakuta kikundi kimeambiwa mwisho wa igizo mume mbaya apelekwe polisi, wote wapige makofi, ripoti iandikwe. Lakini mwanamke aliyekaa pale chini anajua akienda polisi jioni anarudi nyumba ileile, watoto walewale, mama mkwe yuleyule, anataka kuuliza je hapo nifanyeje, na hakuna aliyemwachia dakika kumi za kuuliza.

Jingine ni la ruhusa ya mama mwenye stori, na hili nalisema kwa uchungu. Jukwaani unaweza kubadili jina, kubadili kijiji, mwingine akaigiza badala yako, na kesho ukighairi kipande kinatolewa. Filamu haiko hivo, ikishaingia kwenye simu za watu imeingia, na huyo mama bado anaishi na majirani walewale. Kwahiyo filamu aonyeshwe kwanza yeye kabla ya mtu yeyote, akisema hapa pakatwe pakatwe bila kubishana, na kama filamu inazunguka kwenye matamasha na kuingiza hela naye apate fungu lake, maana stori ni jasho lake kama ilivyo kamera kwa mpiga picha.

Ombi langu mhariri ni dogo. Mwandishi wenu wa sanaa aende mazoezini mapema, siyo siku ya mgeni rasmi, achambue igizo kama mnavyochambua mechi, nani kacheza vizuri, wapi pamepwaya. Mtaje watunzi kwa majina yao kama wenyewe wameridhia, na muandike watazamaji walibishana nini baada ya onyesho.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.