Wenye boti, suuzeni mashine za maji kabla ya kuzilaza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wenye boti wa mwambao wetu neno kuhusu hasara inayowarudia kila mwaka ilhali inaepukika. Masika yanapoanza na wageni wakapungua, boti nyingi za wapiga mbizi na za uvuvi wa kitalii hupandishwa chelezoni au hufungwa kwenye maboya katika hori za Mtwapa na Kilifi, na ndani yake mara nyingi mna mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ambayo imezimwa swichi tu na kuachwa ilivyo. Julai, msimu unaporejea, mashine hiyo huwashwa ikatoa maji ya chumvichumvi, au isitoe kitu, na mwenye boti akaamini kwamba aliuziwa kitu kibovu. Kwa nilivyoona katika kazi yangu ya ufundi wa mitambo ya boti, mashine hizi huharibika zaidi zikiwa zimelala kuliko zikiwa kazini, na anayetaka kununua moja yafaa aifikirie miezi hiyo ya kulala hata kabla ya kuuliza bei.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na kuyatenganisha na chumvi hiyo kunahitaji presha inayozidi bar 27. Ndiyo maana pampu ya mashine huendeshwa kwenye bar 55 hivi, ilhali tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kidogo. Kinachochuja ni membreni, ngozi nyembamba sana ya poliamaidi, aina ya plastiki, iliyoviringishwa tabaka juu ya tabaka ndani ya bomba nene. Kabla ya kufika hapo maji hupita kwenye vichujio vya mikroni 20 na 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambavyo huzuia mchanga na takataka lakini haviwezi kuwazuia viumbe wote wadogo wa baharini. Pampu ikizimwa, viumbe hao hubaki wamefungiwa ndani, katika joto la boti iliyofungwa madirisha, wakafa na kuoza, na bakteria wakapata chakula na makazi.

Aliyewahi kufungua bomba la membreni lililolala namna hiyo anajua ninachosema. Kwanza hutoka harufu ya yai viza, hata kabla kifuniko hakijatoka chote. Kisha huonekana ute wa kahawia umeganda upande maji yanapoingilia, unaovutika kidole kikiugusa. Ukiwahiwa, ute huo huweza kuoshwa kwa dawa ya alikali, kisha ya asidi. Ukikomaa, membreni ni ya kutupwa.

Kinga yake ni kuisuuza mashine kwa maji baridi kila inapozimwa, mpaka maji ya bahari yatoke yote, na kurudia hivyo kila baada ya siku 5 hadi 7 kwa muda wote ambao boti haitembei. Pasipo mtu wa kufanya kazi hiyo, membreni ijazwe dawa ya kuhifadhia. Inayotumika sana ni sodiamu metabaisalfaiti, gramu 10 kwa lita ya maji yasiyo na klorini, ingawa baadhi ya watengenezaji wanaikataza kwenye mashine zao na kuagiza dawa yao wenyewe, kwa hiyo kitabu cha mashine kisomwe kwanza. Dawa hiyo nayo huchoka, kwa kuwa hewa huizidishia ukali wa asidi. Katika joto letu ni busara kuipima kila mwezi kwa karatasi ya pH, kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, na kuibadilisha ikishuka hadi 3.

Jambo linaloniuma zaidi ni la klorini, kwa sababu linawapata hasa watu waangalifu. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwa kunywa, na klorini hiyo hiyo huila poliamaidi. Watengenezaji wa membreni huwataka watu wasizidishe takriban miligramu 0.1 kwa lita, na maji ya bomba yaliyotibiwa vizuri kwa kawaida huwa na zaidi ya hapo. Mtu anayejaza tanki kwa maji ya gatini, kisha akaisuuza mashine kwa maji hayo kila wiki bila kukosa, anaiua kidogo kidogo, na madhara hayo hayaondoki kwa dawa yoyote. Chujio la mkaa huwekwa kwenye njia ya kusuuzia kwa ajili hiyo. Taabu ni kwamba chujio la mkaa la inchi 10 huingia katika kikasha kile kile kinachoingia chujio la kawaida, na kwa nje mara nyingi yote mawili ni meupe. Nimeikuta boti ambamo chujio la kawaida lilikuwa limekaa mahali pa lile la mkaa, limekazwa sawasawa, oringi, ule mpira wa kuzuia kuvuja, imepakwa grisi, kila kitu safi, na membreni imekwisha. Hata mkaa wenyewe ni wa kubadilishwa kila miezi 6 bila kungoja uzibe, maana nguvu yake ya kunyonya klorini huisha pasipo dalili ya nje. Mwenye nafasi atenge tanki dogo la maji yaliyotengenezwa na mashine yenyewe, yawe ya kusuuzia peke yake.

Mafuta nayo huiharibu membreni, kwa hiyo mashine isiwashwe gatini wala popote penye utando wa dizeli juu ya maji. Baada ya mvua kubwa isiwashwe karibu na midomo ya mito kama Sabaki na Pangani, ambako matope huziba vichujio mara moja.

Kuhusu kuchagua, wauzaji hutanguliza lita kwa saa, nami namshauri mnunuzi atangulize umeme. Katika kila lita 100 zinazosukumwa, 10 hadi 20 tu hivi ndizo hugeuka maji baridi. Zilizobaki hurudi baharini zikiwa zimebeba sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika. Mashine ya kawaida huipoteza nguvu hiyo, hivyo inaweza kumeza wati-saa 10 hadi 15 kwa lita na kuhitaji jenereta; mashine inayoirejesha ili isaidie pampu hutumia wati-saa 4 hivi, na inaweza kuendeshwa kwa betri na sola. Watu 8 wanaojibana kwa lita 25 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 200, yaani wati-saa 800 kwa mashine ya pili na 2,000 hadi 3,000 kwa ya kwanza. Hata hivyo siipendekezi ya pili kwa kila mtu, kwa kuwa ni ghali na kile kifaa chake cha kurejesha nguvu kikiharibika si rahisi kutengenezwa huku kwetu. Boti ambayo jenereta yake huwashwa kila siku kwa ajili ya majokofu na mitungi ya wapiga mbizi ichukue pampu ya kawaida ya pistoni, ambayo sili na vali zake fundi mzuri wa bandarini anaziweza. Membreni iwe ya kipimo kilichozoeleka, inchi 2.5 kwa 40, inayotengenezwa na kampuni zaidi ya moja. Na kati ya mashine kubwa inayowashwa saa moja kwa wiki na ndogo inayofanya kazi saa 3 au 4 kila siku, mimi ningenunua ndogo, kwa sababu haipati muda wa kuoza.

Manahodha nao wakumbuke kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye mashine hupimwa kwa maji ya nyuzi 25. Wakati wa kaskazi bahari yetu hupanda mpaka nyuzi 29, na kila nyuzi moja huongeza takriban asilimia 3 ya maji yanayotoka. Ziada hiyo isifurahiwe. Presha ipunguzwe mpaka mashine irudi kwenye kiasi chake, la sivyo membreni huchafuka upesi.

Ombi langu kwa wanaoingiza mashine hizi nchini ni hili. Anayeiendesha mashine ni baharia, lakini kitabu cha maelekezo huwa kwa Kiingereza na hukaa ofisini kwa mwenye boti. Kila mashine iuzwe na karatasi ya Kiswahili iliyopigwa plastiki, ibandikwe kando ya vali, ionyeshe vali ipi igeuzwe na kwa dakika ngapi, na iachwe nafasi ya kuandika tarehe ya suuzo la mwisho na tarehe ya kubadilisha mkaa. Muuzaji asiondoke kabla baharia hajasuuza mwenyewe mbele yake. Nao wenye boti zilizokwisha kufungwa wamfundishe mlinzi kazi hiyo na kumwachia ufunguo, kwa kuwa ndiye atakayekuwa botini hadi Julai.

Fundi wa mitambo ya boti,
Kilifi.