Jina lako kwa penseli

Shoga yangu Zuhura,

Salamu sana, na za watoto, na za yule mzee wetu ambaye hachoki kukuulizia. Sisi wazima, ila baridi. Najua nimekaa kimya tangu Idi; usininunie, nilikuwa nakimbizana na wakili.

Ni habari ya Juma. Katimiza miaka 18, na baba yake mdogo, kwa roho safi kabisa, akataka kumwekea dola 5,000 benki kwa jina lake. Nusura nizimie! Si unajua huku Marekani anayepokea SSI, ile posho ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo kama Juma, hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000? Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1989, hebu fikiria. Akiba ikizidi, posho inasimama, na Medicaid, bima ya afya ya serikali inayomlipia dawa na msaidizi wake inaweza kufuata. Zawadi ya kumfukarisha mtoto. Shemeji yako bado kanuna, anaona nimemdharau ndugu yake.

Wakili katuonyesha njia: amana ya mahitaji maalumu, yaani mfuko wa pesa unaoshikwa na mdhamini kwa ajili yake. Pesa zinakuwa za amana, si za Juma, kwa hiyo hazihesabiwi. Mdhamini ndiye anayelipa: kompyuta, nauli, hata chakula, ambacho tangu mwisho wa Septemba 2024 hakipunguzi posho tena. Pango bado linaipunguza, na taslimu mkononi mwake ndiyo balaa. Muhimu pesa zitoke kwetu. Zingekuwa zake mwenyewe, siku akifa jimbo lingejirudishia kwanza gharama za Medicaid. Baba yake mdogo kakubali kuzipitishia huko, baada ya wiki mbili za kunung'unika.

Sasa ombi. Kuna nafasi iko wazi: nani atakuwa mdhamini mimi na baba yake tukiondoka. Kaka yangu? Unamjua, pesa hailali kwake. Dada yake Juma ana miaka 15. Nimeandika jina lako, kwa penseli. Si kazi ya sifa: risiti, hesabu, kodi ya mapato, na kukataa watu, hasa Juma mwenyewe, maana kwa kubembeleza hajambo. Lakini akinyamaza, wewe unajua kama kakasirika au anaumwa. Wengine wote hukisia.

Utaweza? Mumeo atasemaje? Nikutumie nakala uisome kwanza? Na ukikataa, utaniambia kweli au utaanza kunikwepa? Mnakuja lini? Halafu Chausiku, ni kweli kaachana na yule bwana?

Nijibu kabla sijarudi kwa wakili Alhamisi.

Wako,
Mama Juma