Mkuyu wa Jiweni: Barua kwa Baba na Doto

Saitama, Japani
Septemba

Baba na Mama, shikamooni. Doto, pacha wangu, hujambo? Sisi huku ni wazima, na joto limeanza kupungua.

Baba, siku ile tulipozungumza kwa simu uliniuliza swali ambalo mtandao ulilikata kabla sijalijibu: mtu mzima anawezaje kutumia fedha na muda wake kwa mti usiozidi kimo cha debe, usio na kivuli wala kuni, ambao kila ukichipua anaukata, na je, huko si kuutesa? Kwa kuwa nimeirudia shughuli hii ya bonsai, yaani kutunza miti midogo chomboni, niliyoiacha wakati nilipopangiwa zamu za usiku kiwandani, naona ni haki yako kujibiwa kwa maandishi.

Mti wa bonsai haunyimwi chakula ili udumae. Mbegu yake ni ileile ya mti wa kawaida, na wanaouza pakiti za “mbegu za bonsai” wanauza maneno tu. Udogo wake hutokana na chombo kinachoibana mizizi na mkasi unaopunguza machipukizi na mizizi kwa wakati wake. Kwa upande mwingine, kwa sababu udongo wa chomboni ni kidogo na hauna akiba, mti huo hunyweshwa karibu kila siku, siku za joto kali hata mara mbili, na hutiwa mbolea msimu wote wa kukua. Upo msonobari mweupe uliokuwa wa familia ya Yamaki ya Hiroshima, unaotunzwa chomboni tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la mwaka 1945, ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, na hadi leo uko Washington. Sidhani kama mti unaoteswa hufika umri huo.

Niliporudi katika shughuli hii niliamua kujihesabu kuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza, nikaanza kwa kwenda kutazama miti ya watu wengine badala ya kununua yangu. Hapa Saitama kuna kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923, wakitafuta nafasi, udongo na maji safi. Walijiwekea masharti ambayo wewe, Baba, ungeyapenda: kila mkazi awe na miti isiyopungua kumi, lango lake liwe wazi kwa mgeni yeyote, uzio uwe wa mimea, na asijenge nyumba ya ghorofa. Siku hizi ipo pia makumbusho ya bonsai, iliyofunguliwa mwaka 2010. Zamani macho yangu yalikimbilia majani na matawi. Sasa naanza chini, pale mizizi inapotoka kwenye shina na kushika udongo, kwa maana matawi yanaweza kuoteshwa upya, lakini mti wenye kitako kibaya humsumbua mwenyewe miaka mingi.

Huko ndiko nilikoukumbuka Mwanza. Wajapani wana mtindo wa kuupandisha mti juu ya jiwe, mizizi ikiteremka ubavuni mwa jiwe hadi kwenye udongo, na wageni husimama kuutazama wakishangaa. Mimi na Doto tumekua tukiiona mikuyu ya mwituni ikifanya hivyo kwenye miamba ya vilima vyetu bila kufundishwa na mtu. Ndege au popo huiangusha mbegu katika ufa, mzizi unateremka ukitafuta udongo, na ukishaupata unanenepa huku umelikumbatia jiwe. Chomboni kazi ni hiyohiyo: mizizi hufungwa kwenye jiwe kwa kamba, jiwe na mizizi vikafukiwa ndani ya chombo kirefu, kisha udongo ukaondolewa kidogo kidogo kuanzia juu, msimu hadi msimu, mpaka mizizi iliyokomaa ibaki wazi.

Kwa hiyo, Doto, umesema unataka kujaribu, na mimi nasema anza na mkuyu. Usiniombe msonobari wala momiji, yaani mti wa maple wa Kijapani, kwa sababu miti hiyo inahitaji majira ya baridi ili ilale, na Mwanza hakuna baridi ya namna hiyo. Mkuyu wangu wa huku Japani ndio ulio ugenini: usiku ukikaribia nyuzi 10 ni lazima niuingize ndani, na utakaa dirishani miezi kadhaa bila kuendelea. Wako utakua mwaka mzima, nami nakuonea wivu. Tafuta mche uliojiotea kwenye ufa wa ukuta au kwenye mfereji wa bati, ambako hata hivyo utang’olewa na mafundi. Usibandue ile ya kwenye miamba, maana mizizi yake hukatikia ndani ya jiwe, na kisiwani Saanane usiguse kabisa, ile ni hifadhi ya taifa.

Udongo mweusi wa mbuga usiutumie, kwa kuwa unashika maji na kuozesha mizizi. Chekecha changarawe inayomeguka kwenye miamba pamoja na matofali ya kuchoma yaliyopondwa, mwaga vumbi lote, kisha ongeza samadi kidogo iliyooza vizuri. Matundu ya chini yafunike kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Waya wa shaba wa nyaya kuukuu za umeme unafaa sana kukunjia matawi, ila uuvue plastiki yake kwanza ndipo uutie motoni ulainike. Usichome plastiki, moshi wake ni sumu. Mkuyu hunenepa haraka, hivyo ukaguzi wa waya uwe wa kila wiki, kabla haujazama kwenye gome.

Lililo gumu kuliko yote ni kuuacha mkasi. Anayeanza hupenda kukiona chombo kifupi cha sinia tangu siku ya kwanza, ilhali shina lililowekwa humo mapema karibu huacha kunenepa. Unene huletwa na majani. Uweke mche kwenye karai lililotobolewa, uache tawi moja la chini likimbie litakavyo kwa mwaka au zaidi, na ulikate baada ya kitako kutosha.

Baba, kama bado unataka mti wa manufaa, Doto akuoteshee mkwaju kutoka mbegu za sokoni, zilowekwe usiku kucha kabla ya kupandwa. Mti mdogo hupunguza ukubwa wa majani, lakini matunda hayapungui, kwa hiyo ukizaa utakupa ukwaju wa kawaida. Sikuahidi mwaka.

Doto, ukishaupata mche, upige picha pande nne, uweke kiberiti kando ili niujue ukubwa wake, unitumie kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba. Usikate kitu mpaka nikujibu.

Mwanenu na pacha wako,
Kulwa