Wenye nyumba wa Minnesota, msiitupe barua ya kaunti

Kila mwaka ifikapo Machi, kaunti humtumia mwenye nyumba barua ya kodi ya mali. Wateja wengi tunaowajazia fomu za kodi huiweka kando bila kuifungua, kwa kuwa kodi hiyo hawailipi kwa mkono wao. Benki iliyowakopesha hukusanya kidogo kidogo ndani ya malipo ya kila mwezi, kisha huipelekea kaunti. Tunawaomba sana muifungue. Kwenye jedwali la hesabu, tazameni mstari wa 1 na wa 2. Tarakimu hizo mbili ndizo hujazwa kwenye fomu M1PR, ya kuomba jimbo likurudishie sehemu ya kodi ya mali.

Fomu hii haiendi pamoja na zile za kodi ya mapato za Aprili, na hapo ndipo watu wanapopoteza haki yao. Mtu analeta W-2 yake, yaani karatasi ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, anapata marejesho ya kodi ya mapato, anaona mambo yamekwisha. M1PR hujazwa peke yake, na mwisho wake ni tarehe 15 Agosti. Aliyechelewa bado ana mwaka mmoja tangu tarehe hiyo, kwa hiyo kama mwaka jana hukuijaza, njoo tuangalie.

Wengine hutuambia, "Sisi sote wawili tunafanya kazi, hayo ni ya watu wasio na kipato." Si kweli. Kwenye fomu ya mwaka 2024, kikomo cha kipato cha kaya kwa marejesho ya kawaida ya mwenye nyumba, yale ya mstari wa 1, kilipita dola 135,000, na ukiwa na watoto unaowatunza, kipato kinachohesabiwa hupunguzwa kwanza. Muuguzi na mume wake dereva wa lori wanaweza kabisa kuwemo. Kinachopimwa ni uzito wa kodi ukilinganishwa na kipato chenu. Ila kuna jambo linalozigusa familia zetu hasa: ndugu au shemeji mwenye mshahara wake akikaa kwenu bila kulipa pango, kipato chake nacho huingizwa kwenye hesabu. Mzazi wako au wa mwenzi wako haingizwi, isipokuwa kama naye ni mmiliki wa nyumba. Tuambieni ukweli wa nani anaishi humo, maana jimbo likigundua baadaye litadai fedha zake pamoja na riba.

Mstari wa 2 ni wa marejesho maalumu, nayo hayana kikomo cha kipato. Kodi ya nyumba yako ikipanda kwa zaidi ya asilimia 12 ndani ya mwaka mmoja, na ongezeko likafika angalau dola 100, unarudishiwa asilimia 60 ya kile kilichozidi hiyo 12, hadi dola 1,000. Tuseme ulilipa 3,600 na sasa unadaiwa 4,200. Umeongezewa 600. Asilimia 12 ya 3,600 ni 432, zinabaki 168, nawe unapata karibu dola 101. Ongezeko lililotokana na vyumba ulivyojenga au ukarabati uliofanya halihesabiwi.

Yote haya yanategemea nyumba iwe imeandikishwa kama homstedi, yaani makazi yako mwenyewe. Haijiandikishi siku unapopewa funguo. Unaomba kwa mthamini wa kaunti kabla ya tarehe 31 Desemba, bila malipo yoyote, na nafuu inaanza kwenye kodi ya mwaka unaofuata. Kwa sheria ilivyo tangu kodi za 2025, nyumba ya dola 300,000 hupunguziwa dola 19,550 za thamani kabla ya kodi kupigwa. Inatuuma kumwona mtu ameishi kwake miaka mitatu huku akitozwa kama mwenye nyumba ya kupangisha.

Kwenye kodi ya mapato ya jimbo, kitu kinachosahauliwa zaidi ni gharama za shule. Kwa kila mtoto wa chekechea hadi darasa la 6 unaweza kutoa hadi dola 1,625 kwenye kipato kinachotozwa kodi, na kwa wa darasa la 7 hadi la 12, dola 2,500. Hakuna kikomo cha kipato. Madaftari, mwalimu wa masomo ya ziada, ada ya shule binafsi, kukodi ala ya muziki ya darasani: vyote vinaingia, mradi una risiti.

Wapangaji, tangu mwaka 2024 nafuu yenu imehamia kwenye fomu ya kodi ya mapato yenyewe. Mwenye nyumba anatakiwa kuwapa cheti cha CRP, kinachoonyesha pango mlilolipa, kufikia tarehe 31 Januari. Asipotoa, mdaini.

Ukija ofisini, leta barua ya kaunti ya mwaka huu na ya mwaka jana, W-2 za wote wanaoishi humo, namba za SSN (Social Security) au ITIN (namba ya kodi ya asiye na SSN), na risiti za shule. Kama barua imepotea, njoo na anwani ya nyumba tu. Tutaitafuta nakala kwenye tovuti ya kaunti.